Sura ya Sita: Kwenda Kutazama Mashamba ya Watu

Mtu aingiaye Singida mjini mwezi wa Machi, awe ametokea Dodoma, Nzega au Babati, hulakiwa na majabali na maua. Majabali ni yale ya kijivu yaliyopandana kandokando ya ziwa Singidani na katikati ya nyumba za watu, makubwa hata mgeni hukaribia kusadiki kuwa yalipangwa na majitu ya hadithini. Na maua ni ya alizeti, shamba baada ya shamba, yote yameelekeza nyuso zake mashariki. Mgeni hupiga picha akaenda zake. Mwenyeji hapigi picha. Yeye huingia kati ya mistari, akabinya vichwa viwili vitatu kwa kidole gumba, akatazama kama punje zimejaa hata katikati ya kichwa au zimeishia pembeni, kisha akajua kwa kadirio ambalo halimdanganyi sana kama magunia ya mwaka huu yatalipa ada ya mtoto au yatalipa deni la mbegu.

Ua hilo, ambalo kwa sababu yake Singida hutajwa katika masoko ya mafuta ya nchi nzima, ni mgeni kuliko mgeni anayelipiga picha. Asili yake ni Amerika Kaskazini, ambako wenyeji wa bara lile walililima maelfu ya miaka kabla ya kuona tanga la Mzungu. Wahispania wakalivusha bahari katika karne ya 16, nalo likakaa Ulaya muda mrefu kama pambo la bustani za wakwasi, hata Warusi walipogundua kuwa pambo hilo lina mafuta. Katika karne ya 20 mtaalamu wa Krasnodar aliyeitwa Vasilii Pustovoit aliitumikia mbegu moja umri wake wote, akichagua na kupanda tena, mwaka baada ya mwaka, hata mafuta yaliyokuwa chini ya thuluthi ya uzito wa punje yakakaribia nusu yake. Mkulima wa Mungumaji au Unyambwa amwagapo gunia lake katika mashine ya kukamua, akapata mafuta upande mmoja na mashudu upande mwingine, anakula jasho la watu asiowajua wa mabara mawili.

Wala alizeti si peke yake. Mikarafuu ya Unguja na Pemba ililetwa mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa, na jina litajwalo zaidi katika habari hiyo ni la Saleh bin Haramil, Mwarabu wa Omani, ambaye yamkini hakudhani kuwa mche aliouleta utajenga dola na kuangamiza maisha ya watumwa wasiohesabika. Katani nayo, mwaka 1893, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyoteremshwa Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Na kutoka katika hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyofunika nyika ya Tanga na Morogoro. Yatosha kusema kwamba mbegu ni msafiri hodari. Ifungwe vizuri, inyweshwe maji kidogo, isiingiliwe na panya, nayo huwasili.

Lakini liko jambo jingine ambalo halisafiri kwa urahisi namna hiyo, na sura hii ni kwa ajili yake: maarifa ya kuliendesha shamba, yaani kujua lini, kwa mikono mingapi, kwa gharama gani na kwa kuacha kazi gani nyingine. Haya hayafungwi katika gunia. Mtu sharti ayaendee kwa miguu yake, ayatazame kwa macho yake, na akirudi ayapime tena upya kana kwamba hakuyaona, maana ardhi aliyoyaonea si ardhi yake.

Nilipata siku moja kusoma taarifa ya ujumbe uliotumwa ng'ambo na ofisi moja, ambayo staha inanizuia kuitaja, kwenda kuchunguza zana za kisasa na ufanisi wa kilimo. Taarifa ilikuwa na jalada zuri na picha kumi na moja, na katika tisa kati ya picha hizo wajumbe walikuwa wamesimama mbele ya trekta. Nilitafuta bei ya dizeli katika nchi ile, sikuiona. Nilitafuta ujira wa kibarua kwa siku, mvua ya mwaka, riba ya mkopo uliolinunua lile trekta, na ekari ambazo mwenyewe alipaswa kulima ndipo limrudishie fedha yake. Yote hayo hayakuwemo. Ilikuwemo, kwa ihtimamu kubwa, orodha ya vyakula vya karamu ya kuagana. Sisemi kwamba waungwana hao walikuwa wavivu. Nasema walikwenda bila swali, na mtu aendaye bila swali huonyeshwa kile ambacho mwenyeji wake anapenda kukiuza.

Neno lenyewe, ufanisi, ndilo linalotupoteza. Twalitamka kama kwamba ni mali ya mashine, kitu kilichomo ndani ya chuma, ilhali ufanisi si kingine ila ni kukihifadhi kile kilicho adimu kwako kwa kukitumia kile kilicho tele kwako. Mwenye ardhi nyingi na mikono michache huhifadhi mikono. Mwenye mikono mingi na ardhi finyu huhifadhi ardhi. Na sisi wa nchi kavu, ambao mvua yetu ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, nayo hunyesha yote kuanzia Novemba au Desemba hata Aprili kisha mbingu ikafunga mlango miezi sita au saba, uadimu wetu ni maji kwanza, na baada ya maji ni zile siku chache za palizi ya kwanza, ambapo kila mkono nyumbani unahitajika mahali patatu kwa wakati mmoja. Zana inayohifadhi kitu kingine chochote, hata iwe na sifa gani huko itokako, kwetu ni mzigo.

Pawatila, yaani matrekta madogo ya magurudumu mawili, zilizosambazwa nchini katika enzi ya sera ya Kilimo Kwanza, kuanzia mwaka 2009, zilikuwa mashine njema kabisa za majaruba ya mpunga ya Asia, zilizoundwa kwa matope laini ya bondeni; katika ardhi kavu na ngumu ya juu, zikaonekana zaidi barabarani zikivuta matela ya mchanga, kuni na abiria. Watu waliwacheka wakulima kwa hilo. Mimi nadhani wakulima walifanya hesabu, wakaiajiri mashine kwa kazi iliyoiweza.

Kosa hili la kwenda bila swali si letu peke yetu, wala halikuanza na sisi, kwa kuwa mfano mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki ulifanywa na watu waliotujia. Mwaka 1946, Uingereza ikiwa na njaa ya mafuta baada ya vita, ulitumwa Tanganyika ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa kilimo katika nchi hii, kuchunguza kama karanga zaweza kulimwa kwa mashine katika mapori yaliyoonekana matupu. Wakachunguza kwa muda wa wiki tisa, na sehemu kubwa ya uchunguzi huo ilifanywa kutoka angani, ndani ya ndege. Waliporudi walishauri zilimwe ekari zaidi ya milioni tatu. Kongwa, nchi ya jirani zetu Wagogo, ikapewa fungu la kwanza: ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza. Yakaletwa matrekta yaliyochakaa vitani, na hata vifaru aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Kukajengwa nyumba, karakana, hospitali na kilabu. Na mwaka huo wa kwanza ulipokwisha, ekari zilizosafishwa hazikufika hata sehemu ya kumi ya zilizokusudiwa. Mizizi ya pori ilivunja meno ya plau. Udongo, ambao wakati wa masika ulilimika vizuri, kiangazi ulikakamaa kama saruji na kuzifunga karanga ndani yake. Na mvua, ambayo katika makaratasi ilikuwa wastani, katika Kongwa ilikuwa ama ipo ama haipo. Januari 1951 mpango ukaachwa, na fedha iliyozama ilikuwa pauni za Kiingereza kiasi cha milioni 36.

Kilichoniduwaza katika habari hiyo si ukubwa wa hasara, kwani serikali hupata hasara kila siku, bali ni udogo wa kitu kilichokosekana. Hapakuwa na mzee wa Kigogo asiyeikumbuka Mtunya, njaa ya miaka ya 1918 hadi 1920, na ambaye asingaliweza kueleza, kwa siku moja chini ya mti wake na kwa gharama ya tumbaku, ni miaka mingapi katika kumi mvua ya nchi ile hutimiza ahadi yake. Ndege ya Wakefield ilipita juu ya mzee huyo. Karanga zenyewe hazikuwa na hatia: hata leo hulimwa Dodoma na Singida kwa jembe la mkono na plau ya maksai, katika vipande ambavyo mwenyewe anavijua, na kila jioni huuzwa stendi zikiwa zimekaangwa na kufungwa katika karatasi.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Ukishika barabara ya kwenda Katesh, mlima Hanang huanza kukua mbele yako kidogo kidogo, na katika tambarare ya Basotu iliyo nyuma yake ndiko, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hata mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Kanada na shirika letu la umma la kilimo, NAFCO, walikoendesha mashamba saba ya ngano yaliyokaribia ekari laki moja kwa jumla. Wataalamu wa Kanada walikuja, na vijana wetu wengi wakapelekwa kwao kusomea uendeshaji wa mashamba makubwa, wakaona nyanda ambazo mtu mmoja na mashine zake hulima eneo la kata nzima. Ngano ya Hanang iliota, wala nisingependa msomaji adhani kuwa haikuota. Mavuno yake kwa ekari yaliweza kusimama mbele ya yale ya Kanada bila haya. Lakini nyanda za Kanada zilifundishwa kuhifadhi mikono, kwa kuwa huko mikono ndiyo adimu, na dizeli, vipuri na mafundi viko umbali wa simu moja. Tanzania ya miaka ile ilikuwa na mikono tele na fedha za kigeni adimu, ikajikuta inahifadhi ilichokuwa nacho kwa kukimwaga ilichokosa. Fauka ya hayo, tambarare iliyoitwa tupu haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya wafugaji Wabarbaig, yenye njia za ng'ombe, visima vya chumvi na makaburi ya wazee wao, na plau zilipita juu ya hayo yote. Kijiji cha Mulbadaw kilishitaki. Mahakama Kuu ikawapa haki wanakijiji, na katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Katika hesabu za shamba, malisho yaliyopotea hayakuwa na safu yake.

Kwa upande mwingine wa mizani tuiweke safari ya mtu mmoja. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walikuwa na malalamiko yanayojulikana kwa kila aliyewahi kuuza zao: mzani wa mnunuzi. Walianza kuweka watu wao wa kusimamia upimaji, wakaunda vyama vidogo, na kijana aliyetokeza mbele yao, Paul Bomani, alikwenda Uingereza mwaka 1953 kusoma mambo ya ushirika katika chuo cha Loughborough. Aliporudi alikuta, na akasaidia kujenga, muungano uliokuja kuitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, ulioanzishwa mwaka 1955 na kukua hata ukawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya wakulima Waafrika. Bomani hakurudi na trekta. Alirudi na namna ya kuandika vitabu vya hesabu, kukagua mahesabu na kugawa faida, kwa maana swali alilolibeba kutoka Mwanza, kabla hajapanda meli au ndege, lilikuwa la mzani.

Siku hizi safari ni nyingi na rahisi zaidi. Vijana wanaomaliza Chuo Kikuu cha Sokoine na vyuo vingine vya kilimo hupelekwa Israeli kwa miezi kumi na moja hivi, wengi wao katika bonde la Arava, ambako mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 50 na ambako pilipili hoho na tende hutoka jangwani zikiwa zimepangwa katika maboksi ya kwenda Ulaya. Hufanya kazi shambani siku nyingi za wiki na kusoma siku zilizobaki, na wako wanaolalamika kuwa kazi imelizidi somo. Huko huona mpira mweusi uliotobolewa vitundu, ukilalia mguu wa kila mche na kuudondoshea maji tone kwa tone. Asili ya zana hiyo ni mhandisi aliyeitwa Simcha Blass, ambaye inasimuliwa kuwa aliona mti mmoja umewapita wenzake kwa ukubwa kwa sababu bomba lililopita karibu nao lilikuwa likivuja. Mwaka 1965 wazo hilo likageuka kuwa kiwanda katika kijiji cha Hatzerim. Tusiitaje nchi hiyo bila kuwakumbuka vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa mafunzoni katika mashamba yaliyo karibu na mpaka wa Gaza, ambao walipoteza maisha yao katika shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023. Waliondoka kwao kwenda kutazama namna ya kumwagilia.

Kijana arudiye kutoka Arava huja na mazoea ya thamani: kuamka kwa saa, kuandika kila siku kilichotumika na kilichovunwa, kuchambua mazao kwa ukubwa kabla ya kuyapeleka sokoni. Haya, kwa maoni yangu, ni bora kuliko mpira wenyewe, maana mkulima wa vitunguu anayefikisha magunia yake soko la Misuna, ambalo hujaza malori ya kwenda hata Kenya na Uganda, akiwa hajui gunia moja limemgharimu kiasi gani, hana jibu la kumpa dalali ila kukubali. Lakini mpira bila kisima, pampu, umeme au dizeli, na mkopo usionyonga, ni kamba ya kuanikia nguo. Jangwa la Arava halikushindwa na mpira peke yake. Lilishindwa na mpira pamoja na visima virefu, kituo cha utafiti, barabara ya lami na malori ya baridi, na nyuma ya hayo yote serikali iliyokusudia watu wakae pale kwa gharama yoyote. Kijana wetu aliviona vyote hivyo, lakini alichoweza kukitia katika sanduku ni kipande cha mpira.

Sasa niseme habari ya safari ambayo, katika zote nizijuazo, ndiyo niionayo bora. Na haikwenda Ulaya wala Asia. Mwaka 1989, katika wilaya ya Illela nchini Niger, mradi wa hifadhi ya udongo uliosaidiwa na IFAD, mfuko wa kimataifa wa maendeleo ya kilimo, uliwachukua wakulima 13, si maofisa, ukawapeleka nchi jirani ya Burkina Faso, katika jimbo la Yatenga, kutazama mashamba ya wakulima wenzao. Yatenga ilikuwa imeungua kwa ukame wa miaka mingi, na ardhi yake imekuwa gamba tupu ambalo maji ya mvua huteleza juu yake kama juu ya sahani. Huko watu kama Yacouba Sawadogo, mkulima asiyejua kusoma, aliyefariki mwaka 2023 akiwa amekwisha kutunukiwa heshima za dunia, walikuwa wamelifufua shimo la kale liitwalo zai.

Shimo hilo nalieleza kwa karibu, kwa kuwa linastahili. Huchimbwa kiangazi, wakati mikono haina kazi, kwa jembe fupi, upana wa shubiri moja na nusu hivi na kina cha shubiri. Udongo uliotoka hulundikwa upande wa chini wa mteremko ili uwe kinga ya maji. Ndani yake hutiwa konzi mbili tatu za samadi. Samadi huita mchwa, na mchwa, ambao sisi twawajua kama wala mapaa, hutoboa sakafu ya shimo kwa vijia vyao visivyohesabika, hata mvua ya kwanza inyeshapo maji hayasimami wala hayakimbii, bali hushuka. Mbegu hupandwa ndani. Kwa hiyo tone, ambalo Arava hulipeleka kwenye mche kwa bomba na pampu, Yatenga huletwa mguuni pa mche na mbingu, likafungiwa humo na mdudu. Mikono ya kiangazi, iliyo tele, inahifadhi maji, yaliyo adimu: sijui ufanisi mwingine ulio safi kuliko huo.

Wale 13 walirudi Illela na mashimo vichwani mwao, na baadhi yao wakayajaribu katika kama hekta nne tu, nyingine kando ya barabara kuu ambapo kila mpita njia aliweza kuyacheka. Mwaka 1990 ukawa mwaka wa ukame. Mashamba yaliyopata mavuno ya maana katika sehemu ile yakawa ni yale yenye mashimo, ambayo Wahausa huyaita tassa. Baada ya hapo hapakuhitajika semina. Watu waliyaendea wenyewe, na ardhi iliyokuwa gamba, ambayo mtu angekupa bure na kukushukuru kwa kuipokea, ikaanza kununuliwa na kuuzwa.

Kwa nini safari hiyo ilizaa na ile ya picha kumi na moja haikuzaa? Waliokwenda ni walewale ambao wangechimba. Nchi waliyoiendea ilikuwa na uadimu uleule wa kwao. Kitu walichokiona kiliweza kujaribiwa pembeni mwa shamba, kwa jembe lililokuwapo nyumbani, na kama kingeshindwa hasara ingekuwa jasho la siku chache na aibu ya barabarani. Wala hawakuonyeshwa na muuzaji. Mwenyeji wao hakuwa na kitu cha kuuza; alikuwa na shamba lililofaulu na jirani waliowahi kumwita mwendawazimu.

Nairudia Singida. Mwaka 1959 alifika Unyaturu, nchi ya Wanyaturu wa hapa Singida, Mmarekani Harold Schneider, mtaalamu wa mambo ya jamii, akakaa na watu hata mwaka uliofuata, na mwaka 1970 akachapisha kitabu juu ya uchumi wao. Mtu aliyetarajia kusoma habari za kabila linalopenda ng'ombe kwa mapokeo tu alikuta ndani yake watu wanaopiga hesabu: zizi likaribiane na shamba kwa sababu ya samadi, samadi iamue ukubwa wa shamba la uwele, uwele ukizidi ubadilishwe kwa mbuzi na ndama, na mifugo hiyo iwe akiba ya mwaka ambao mvua itakataa. Daftari halikuwapo, lakini hesabu ilikuwapo. Na mtu alitoka ng'ambo ya bahari kuja kuisoma kwetu, wakati ambapo sisi tulikuwa tukielekea ng'ambo kuisoma kwake. Mashine nazo zimetutoka, si kutujia tu: kikamulio cha mkono cha alizeti alichokibuni mhandisi Carl Bielenberg katika miaka ya 1980 kilizaliwa Arusha, ndipo kikasambaa katika nchi nyingine za Afrika.

Basi sipingi safari. Yeyote apewaye nafasi ya kwenda Arava, Uholanzi, China au Kanada na aende, tena aende na shukrani. Ila kabla ya kwenda aandike katika daftari la shilingi mia chache mambo ya shamba lake la msimu uliopita, kuanzia kulima kwa maksai, mbegu, palizi ya kwanza na ya pili, kukata vichwa, kupura, kupepeta, magunia na usafiri, aandike kila kazi na siku zake na fedha zake, ili huko aendako, akionyeshwa ajabu yoyote, aweze kuuliza ni mstari upi katika daftari hili utakaopungua, na kwa gharama ya mstari upi. Na wale wapangao safari za ujumbe, katika kila watu kumi wawatumao, wawaweke saba wenye sugu mikononi, na wanne kati ya saba wawe wanawake, kwa kuwa kila mtu ajua, ingawa taarifa hazisemi, palizi ni ya nani.

Tena si lazima kuanza na ndege. Wamatengo wa Mbinga wana ngoro zao, mashimo yaliyozungukwa na matuta katika miteremko mikali, zilizohifadhi udongo wao tangu kabla ya Wazungu. Wasukuma wa Shinyanga wana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi, ambazo mradi wa hifadhi ya ardhi ulioitwa HASHI ulizifufua kuanzia mwaka 1986. Na karibu zaidi ya hayo, katika kijiji cha Chololo nje kidogo ya Dodoma, mkulima mmoja wa nchi kavu kama yetu alibuni mashimo yake ya kupandia, ndugu wa zai, yakachukua jina la kijiji. Mashimo ya Chololo huchimbwa kiangazi, kabla ya Novemba. Na basi la Dodoma huondoka stendi ya Singida kila asubuhi.